Fundi Anajibu: Kuiongezea chenso nguvu bila kuiua

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wapasua mbao na wakata miti, na karibu zote zinauliza jambo moja: chenso itavutaje zaidi ya ilivyotoka dukani. Tumechagua tano.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina chenso ya Kichina ya cc 72, mfano wa STIHL MS 381, napasua mbao za paini hapa Mafinga. Wenzangu wametoboa eksozi na wanasema mashine inavuta kuliko mwanzo. Ni kweli? Na tundu liwe la ukubwa gani? — Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Ni kweli, ila usianzie hapo. Anzia kwenye mnyororo. Mnyororo wa dukani umenolewa kwa nyuzi 30, na huo ni wa kukata gogo vipande. Wewe unapasua kwa urefu, kwa hiyo noa kwa nyuzi 10, meno yote yawe na urefu mmoja, na kipima kina kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa 0.65 mm. Kwa mnyororo wa saizi ya 3/8 ya inchi tumia tupa ya duara ya 5.2 au 5.5 mm. Ukiona unalazimika kuukandamiza upanga (bamba refu linalozungukwa na mnyororo) ndipo uingie kwenye mti, tatizo ni meno, na eksozi hata uitoboe kama chujio haitakusaidia.

Mnyororo ukishakuwa sawa, ndipo uje kwenye eksozi. Kiwandani huiziba kiasi ili kupunguza kelele na kutimiza sheria za moshi za nchi inakouzwa. Moshi wa zamani ukichelewa kutoka, mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unakosa nafasi ya kuingia.

Usikisie tundu, pima. Fungua eksozi, kisha pima upana na kimo cha mlango wa moshi kwenye silinda. Tuseme umepata 30 mm kwa 18 mm: hiyo ni 540 mm za mraba, ondoa kama asilimia 15 kwa ajili ya pembe zilizoviringika, zinabaki 459. Mdomo wa eksozi, ukijumlisha matundu yote, uwe karibu robo tatu ya hizo, yaani 344. Kama mdomo uliopo una kipenyo cha 14 mm, eneo lake ni 154. Ukiongeza tundu la 15 mm unapata 177 nyingine, jumla 331. Hapo inatosha. Ukizidisha, unaongeza kelele tu na nguvu ya mzunguko wa chini inapungua.

Tundu jipya lielekee mbele au pembeni, mbali na tangi, mkono na plastiki ya kifuniko. Toboa eksozi ikiwa nje ya mashine, piga tupa kingo, kisha osha ndani kwa petroli mpaka usione chembe hata moja ya chuma. Eksozi ya injini ya namna hii haisukumi tu. Kuna wimbi linalorudi kuelekea kwenye silinda, na chembe iliyobaki inaweza kurudi nalo ikachora pistoni. Wavu wa kuzuia cheche usiutupe. Unafanya kazi ndani ya msitu wa paini, na majani makavu ya paini hayahitaji cheche mbili.

Sasa sehemu ambayo wenzako wengi wanairuka: baada ya kutoboa lazima urekebishe kabureta. Hewa imeongezeka, petroli imebaki ileile, kwa hiyo mchanganyiko umekuwa mkavu na injini itachemka. Safisha filta ya hewa, washa mashine ipate moto dakika tatu hadi tano. Fungua skrubu ya H, ya petroli ya mwendo wa kasi, (kinyume na saa) kwa moja ya nane hadi robo ya mzunguko. Kama hujui ilikuwa wapi, ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, halafu ifungue mzunguko mmoja kamili, ndipo uanze. L, ya petroli ya mwendo wa chini, nayo vivyo hivyo, kisha itafute pale ambapo ukibonyeza mafuta ghafla injini inaitika bila kusita. Mwisho weka sailensa, yaani mwendo wa injini bila kubonyeza mafuta, kwa skrubu ya LA mpaka mnyororo usimame wenyewe.

H hupimwa kwa sikio. Upanga ukiwa hewani, bonyeza mafuta mpaka mwisho kwa sekunde tatu tu. Mlio sahihi una mkwaruzo fulani, brrr-brrr, kama injini inaruka moto mara mojamoja, na kweli inaruka, kwa sababu petroli imezidi kidogo. Ingiza upanga kwenye gogo: mkwaruzo unaisha, mlio unanyooka. Hapo ndipo penyewe. Ukisikia mlio mwembamba uliolainika kabisa upanga ukiwa hewani, mashine iko kavu, fungua H haraka. Wewe unayepasua unaifanyisha injini kazi kwa nguvu yake yote dakika nyingi mfululizo, kwa hiyo iache iwe na petroli kidogo zaidi kuliko ya mkata magogo. Ukiweza kupata kipima mizunguko, zingatia kiwango cha mtengenezaji wa mashine yako. Husqvarna 372XP, kwa mfano, haitakiwi kuzidi 13,500 kwa dakika.

Chenso zenye kabureta inayojirekebisha yenyewe, kama M-Tronic za STIHL au AutoTune za Husqvarna, hazina skrubu hizo. Na masikio uyazibe. Chenso iliyotobolewa eksozi si ya kufanyia kazi bila vizibo.

SWALI: Mimi ni fundi pikipiki Njombe, nimeanza kupokea na chenso. Nimeambiwa nikitoa gasketi ya chini ya silinda kompresheni inapanda na nguvu inaongezeka. Na je, niichonge milango ya silinda ipanuke? — Fundi, Njombe

JIBU: Gasketi inaweza kutoka, ila pima kwanza nafasi iliyobaki kati ya kichwa cha pistoni na silinda. Chukua waya laini wa kulehemu redio wa 1.5 mm, uingize kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, upande wa kulia au kushoto, sambamba na pini ya pistoni. Usiupeleke upande wa eksozi wala wa kabureta, maana huko pistoni hupinda kidogo na kipimo kitakudanganya. Zungusha kwa mkono mpaka pistoni ipite juu kabisa, toa waya, pima ncha iliyobonyea. Rudia upande wa pili.

Kipimo kisishuke chini ya 0.5 mm. Gasketi nyingi zina unene wa karibu 0.5, kwa hiyo kama waya unasoma 1.05, ukiitoa utabaki na 0.55, na hiyo ni kazi nzuri. Ukisoma 0.8, iache gasketi mahali pake. Injini ikipata moto na kwenda kasi, vyuma vinarefuka, na pistoni itaanza kugonga.

Kuna jambo mafundi wengi hawaliangalii. Silinda ikishuka, milango yote inashuka nayo. Mlango wa eksozi unachelewa kufunguka, wa kuingizia unawahi. Matokeo yake ni nguvu zaidi kwenye mzunguko wa chini na wa kati, na kasi ya juu inapungua kidogo. Kwa wapasua mbao hiyo ni faida. Lakini peleka pistoni juu kabisa, chungulia kwenye mlango wa eksozi: sketi ya pistoni (sehemu yake ya chini) lazima iendelee kuuziba mlango wote kwa chini. Ukiona mwanga au upenyo chini ya sketi, chumba cha kranki kinavuta moshi wa eksozi na nguvu uliyoitafuta imepotea.

Badala ya gasketi paka utepe mwembamba wa dawa ya kuzibia isiyoyeyushwa na petroli. Silikoni ya kawaida ya magari haifai, petroli inailainisha na baada ya muda hewa inapita. Ikikauka, ziba mlango wa kabureta na wa eksozi, jaza upepo wa 0.5 bar kupitia tundu la plagi au bomba la mapigo (linalotoka chumba cha kranki kwenda kwenye kabureta), na usubiri. Sindano ya kipima upepo ikishuka, paka maji ya sabuni utafute povu. Pima na upande wa kunyonya pia, kwa sababu sili ya kranki inaweza kuzuia upepo ukisukumwa na ikapitisha ukinyonywa.

Kuhusu kuchonga milango, ushauri wetu kwa anayeanza ni hapana. Ndani ya silinda kuna tabaka gumu jembamba la nikeli au kromu. Kijiwe cha kusagia kikilichubua, linabanduka na ringi inakwisha. Ukipanua eksozi kupita kiasi, ringi inajitokeza mlangoni na kuvunjika. Kwa silinda ya 50 mm usivuke 32 mm. Kinachokubalika ni kulainisha kingo za milango kwa msasa namba 400, pembe kali tu ziondoke. Silinda za Kichina mara nyingi hutoka na kingo zinazokwaruza kidole, na kazi hiyo ya nusu saa huongeza maisha ya ringi kuliko mapambo mengine yote.

SWALI: Nikifunga sproketi (gia inayovuta mnyororo) ya meno 8 badala ya 7, chenso itakata haraka? — Msomaji, Bukoba

JIBU: Mnyororo utakimbia zaidi kwa asilimia 14, lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa zaidi ya asilimia 12. Kwenye paini na upanga mfupi, utaona faida. Kwenye mkaratusi uliokauka na upanga mrefu, injini itazama na klachi itateleza mpaka iungue. Kama kazi yako ni hiyo ya pili, bakia na 7.

SWALI: Nilinunua chenso iliyotumika Mafinga, iliyorekebishwa vizuri, inavuta sana. Nimekuja nayo Kilwa, haikumaliza wiki mbili ikanoki. Pistoni imechubuka upande wa eksozi peke yake. Muuzaji amenitapeli? — Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Huenda hakukutapeli. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya Kilwa. Fundi wa kule akiirekebisha vizuri anapunguza petroli ilingane na hewa hiyo. Umeishusha pwani, hewa nzito imeingia, petroli imebaki ya mlimani. Mashine ikawa kavu, na siku za mwanzo mashine kavu huvuta vizuri ajabu, ndiyo maana haikukupa wasiwasi. Kila chenso inayoshuka au kupanda zaidi ya mita 500 hivi irekebishwe H na L upya kabla ya kuingia kazini.

Hata hivyo isome pistoni kabla ya kununua nyingine. Michubuko upande wa eksozi tu ni joto: mchanganyiko mkavu au hewa inayovuja. Michubuko kuzunguka pande zote ni petroli isiyo na oili. Ukungu wa mikwaruzo midogo upande wa kabureta ni vumbi lililopita kwenye filta. Ukifunga pistoni mpya bila kujua ni lipi kati ya hayo liliiua ya kwanza, utarudi dukani.

Oili iwe ya injini za moto mbili, si ya gari. Ya kawaida changanya 1:25, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Iliyoandikwa JASO FD (alama ya kiwango cha ubora cha Kijapani) na kuruhusiwa na mtengenezaji wa mashine yako, 1:50, mililita 20. Na usiongeze oili kwa hofu bila kugusa kabureta, kwa sababu oili ikizidi, petroli ndani ya kila tone imepungua, na mchanganyiko unazidi kukauka.

SWALI: Nina chenso ya cc 58 ninayokodisha. Vijana wanalalamika ikishapata moto haiwaki mpaka ipoe, na kamba inawaumiza mikono. Wamekwisha kuitoa breki wakisema inawasumbua. Nifanye nini? — Mama wa Lushoto

JIBU: Mama, breki irudishwe leo, kabla ya hayo mengine. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti, upanga unaruka kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Breki inayosumbua mara nyingi ni ukanda uliojaa unga wa mbao na grisi. Ifunguliwe na kusafishwa.

Kutowaka ikiwa na moto, waagize wafuate mpangilio huu. Kwanza walegeze kifuniko cha tangi. Ikisikika "fyuuu" ya hewa kuingia, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Kama hakuna sauti, watoe plagi mashine ikiwa bado ya moto, waiweke kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi na tangi, wavute kamba. Cheche ikiwa hafifu au haipo, koili inakufa ikipata joto. Kabla ya kununua koili mpya wapime nafasi kati yake na gurudumu la sumaku: 0.3 mm, karibu unene wa kadi ya biashara. Nafasi ya plagi iwe 0.5 mm. Cheche ikiwa nzuri na plagi imelowa, wamevuta choki kwenye injini ya moto. Wasivute choki, wabonyeze mafuta mpaka mwisho na kuvuta kamba mara sita hivi mpaka ikauke.

Maumivu ya mikono yanatokana na kamba kuvutwa ghafla kutoka mwanzo. Wavute taratibu mpaka wasikie ugumu wa kompresheni, waiache kamba irudi, kisha wavute kwa nguvu mara moja. Silinda nyingi za cc 58 hazina vali ya kupunguza kompresheni, na hatushauri kutoboa silinda ili kuiweka. Kamba yenyewe ikiwa nyembamba, nunua ya 4 mm na mpini mpana.