Unapoanza kupima ubora wa huduma kwa takwimu za mfumo

Ndugu yangu uliyepangiwa kitengo cha takwimu kituoni, anza na asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ile unayogawa kwayo. Kiasi, namba ya juu, kila mtu hukikimbilia: wagonjwa wangapi presha yao iko chini ya 140/90. Kazi ipo kwenye swali la "kati ya nani?"

Tuseme kliniki ina wagonjwa 200 wa presha. Robo hii wamepimwa 120, na 90 kati yao presha imedhibitiwa. Ukigawa kwa 120 unapata asilimia 75 na kikao kizima kinapiga makofi. Ukigawa kwa 200 unapata 45. Wale 80 wasioonekana ndio wanaoniuma: wapo waliokosa nauli, wapo walioishiwa dawa, wapo waliohamia kituo kingine, wapo waliofariki na faili zao hazijafungwa. Mimi huweka asilimia zote mbili kwenye ripoti, na ya tatu ya waliopimwa kati ya wagonjwa wote.

Kisha soma vipimo vyenyewe, kimoja kimoja. Mashine ya kidijitali hutoa namba kama 137/83 au 128/76. Ukikuta safu nzima ni 120/80, 130/80, 140/90, kuna anayekadiria. Mama mjamzito ambaye uzito wake haujabadilika tangu hudhurio la kwanza hadi la nne, uzito huo umenakiliwa tu.

Tarehe nazo ziangalie. Pale kadi za CTC2, yaani kadi za kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki ya VVU, zinapojazwa kwa mkono na kurundikwa mezani hadi zipate mtu wa kuziingiza, saa iliyo kwenye mfumo ni ya kuingiza, si ya mgonjwa kuhudumiwa. Usiitumie kupima muda wa kusubiri. Na tafuta waliosajiliwa mara mbili. Ally na Ali huenda ni mtu mmoja.

Ukiona pengo, nenda chumba cha muuguzi ukakae naye asubuhi moja. Pengine mashine ya presha ni moja kwa vyumba vitatu. Tafadhali usipeleke namba hizo kwenye kikao kumuumbua: ukifanya hivyo, mwezi ujao kila mgonjwa atakuwa 138/88, na hutajua tena nani anahitaji kuongezewa dawa.

Kabla ya kutuma ripoti, chomoa mafaili kumi bila kuchagua, uyalinganishe na kilichomo kwenye mfumo. Yakitofautiana, ripoti isubiri.