Waliojenga Kanisa la Mai Mahiu Waliishije Kifungoni?

SWALI: Mpendwa Mhariri, kila ninaposafiri kutoka Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya chini, gari hupita kando ya lile kanisa dogo la Mai Mahiu, na hakosekani abiria wa kusema kwamba lilijengwa na mateka wa Kiitaliano. Ningependa kujua mateka hao walikuwa akina nani na waliishi vipi mikononi mwa adui. Nauliza pia kwa ajili ya marehemu babu yangu, aliyezuiliwa katika kambi ya Manyani miaka ya hamsini, wakati wa Mau Mau. Katika masimulizi yake hakutaja hata siku moja kanisa, barua wala siku ya mapumziko. Je, Waitaliano walilindwa na sheria gani ambayo babu yangu hakuipata? – Mwalimu, Naivasha.

JIBU: Mwalimu, abiria wako wanasema kweli. Italia iliingia vitani Juni 1940, na katika mwaka wa 1941 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waafrika) kutoka nchi zetu, yaliivunja himaya yake ya Ethiopia, Eritrea na Somalia. Mwezi Mei mwaka huo Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia katika eneo hili, alijisalimisha kule Amba Alagi. Yeye na makumi ya maelfu ya watu wake waliletwa Kenya, wakagawanywa katika kambi za Nanyuki, Nyeri, Londiani, Gilgil, Naivasha na kwingineko. Duke mwenyewe alifariki Nairobi Machi 1942 kwa kifua kikuu na malaria akiwa bado mateka, na mabaki yake yamo katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano huko Nyeri, pamoja na ya mamia ya wanajeshi wake.

Sheria unayoiulizia ni Mkataba wa Geneva wa 1929, ambao Uingereza na Italia zote ziliuridhia. Mkataba huo uliitaka nchi iliyowashika mateka iwape chakula sawa na cha askari wake waliomo kambini, na ulikataza kuwanyima mateka wote chakula kwa kosa la wachache. Mateka alihojiwa jina na cheo au namba yake, na hakuruhusiwa kuteswa ili aseme zaidi. Alikuwa na haki ya kuandikia jamaa zake, kuabudu kwa dini yake, kutibiwa, na kupumzika siku moja kamili kila wiki. Maofisa hawakulazimishwa kufanya kazi. Askari wa kawaida waliweza kufanyishwa kazi, mradi isihusiane moja kwa moja na mapigano, na ndiyo sababu walipelekwa kutengeneza ile barabara ya mteremko wa Bonde la Ufa. Kanisa dogo walilijenga mwaka 1942, ili wapate mahali pa kusali wakiwa kazini.

Tusidhani hata hivyo kwamba maisha yao yalikuwa ya raha. Kuhesabiwa asubuhi na jioni, seng'enge pande zote, barua zinazochelewa miezi na miezi, na zaidi ya yote kutojua siku ya kurudi nyumbani, ni mambo yanayomla mtu polepole hata kama sahani yake haikosi chakula. Ofisa asiye na kazi ndiye aliyeumia zaidi kwa namna hiyo, kwa maana siku zake zote zilifanana. Mwezi Januari 1943 watatu wa kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka si kwa kukimbilia nchi nyingine bali ili wapande Mlima Kenya waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Vyuma vya kupandia barafuni walivitengeneza wenyewe kwa siri kambini, na mchoro uliowasaidia kuujua mlima waliutoa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Barsotti aliugua, lakini wenzake wawili walifika kilele cha Lenana wakasimika bendera yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari baada ya siku kumi na nane. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, nao wakatumikia saba tu. Mkataba uliweka kikomo cha siku 30 kwa adhabu ya namna hiyo, na mkuu wa kambi aliheshimu ujasiri wao.

Sasa nije kwa babu yako, na hapa naandika kwa uchungu. Serikali ileile, katika nchi ileile, miaka kumi tu baadaye, ilikataa kuita vita kile kilichokuwa vita, yaani mapambano ya Mau Mau dhidi ya ukoloni. Ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na kwa kuwa jina lilikuwa "hatari" na si "vita", aliyekamatwa hakuwa mateka bali mtu aliyezuiliwa bila kushtakiwa, asiye na mkataba wa kumtetea. Mkataba mpya wa Geneva wa 1949 ulikuwa na kifungu kinachokataza mateso hata katika mapigano ya ndani ya nchi, lakini Uingereza haikuuridhia hadi 1957. Aprili 1954 maelfu kwa maelfu walizolewa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakapelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Kupigwa ili mtu akiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau kulikuwa sehemu ya utaratibu wa kambi, na kazi ilikuwa ya lazima: uwanja wa ndege wa Embakasi ulijengwa kwa jasho la waliozuiliwa. Katika kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa kwa kunywa maji.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Sehemu ya makubaliano hayo ilikuwa mnara wa ukumbusho uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015. Ukipata nafasi, wapeleke wanafunzi wako. Wataona mwanamke akimkabidhi mpiganaji wa Mau Mau chakula, nyuso zao zimegeuzwa kila mmoja upande wake, ili akikamatwa mmoja wao na kuhojiwa asiweze kumtambulisha mwenzake.