Jibu: Niuze nini kwa CNC ndogo, na mbona herufi zinatoka na nyuzinyuzi?
Ndugu, umeuliza uanze kuuza nini kwa hiyo CNC yako ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), na kwa nini vibao vya majina vinatoka na nyuzinyuzi kwenye kingo za herufi.

Nianze na nyuzinyuzi, maana hizo ndizo zinazofukuza wateja. Kisu cha ond, yaani chenye makali yaliyojisokota kama skrubu, kinachovuta juu hunyanyua nyuzi za mbao kinapokata. Tafuta kile ambacho ond yake inasukuma chini. Uso utatoka safi, ila unga wa mbao hubaki kwenye mfereji unaochongwa, kwa hiyo kata tabaka nyembamba na uuvute muda wote. Halafu angalia mwendo wa mashine kusogea. Kisu cha makali 2 kikizunguka mara 18,000 kwa dakika, mashine ikisogea milimita 1,800 kwa dakika, kila kali linachonga milimita 0.05 tu kwa kila mzunguko. Ukipunguza mwendo huo sana, kisu kinasugua badala ya kukata, kinapata moto na mbao inaungua. Wengi hudhani wanakitunza, kumbe ndiyo wanakiua.

Vibao vya majina usiviache. Kitu chenye jina la mtu hakilinganishwi bei kirahisi na cha dukani.

Kuhusu bei, usihesabu mbao na dakika za mashine pekee. Kupiga msasa, kupaka mafuta, kufungasha na kuandikiana na mteja mara nyingi hula muda kuliko kukata. Pima muda huo wote kwenye kibao kimoja, ndipo utaje bei. Na mteja athibitishe tahajia ya jina kwa maandishi kabla hujawasha mashine.