Johnny Clegg hakuwa anaigiza Uzulu

Ndugu uliyeuliza kama Johnny Clegg, mwanamuziki wa Afrika Kusini, alikuwa Mzungu aliyechukua utamaduni wa Wazulu ili auze muziki: hapana kabisa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1953, akakulia Zimbabwe, Zambia na Afrika Kusini. Gitaa na ngoma za Kizulu alijifunza akiwa kijana mdogo, kwa vibarua waliokaa mabwenini Johannesburg, na polisi walimkamata kwa kuingia huko, mahali pa weusi tu. Soko gani lilikuwepo hapo? Baadaye akafundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Witwatersrand.

Yeye na Sipho Mchunu waliunda Juluka, bendi ya weusi na weupe pamoja, wakati ubaguzi wa rangi ukiwa sheria ya nchi. Redio ya serikali iliwabania na polisi walivuruga maonyesho yao. Halafu 1987, akiwa na bendi yake nyingine, Savuka, akatoa "Asimbonanga": wimbo wa kumlilia Mandela, aliyekuwa bado kifungoni, unaowataja pia kwa majina Steve Biko, Victoria Mxenge na Neil Aggett, wapinga ubaguzi waliopoteza maisha. Kuimba hivyo wakati ule kulitaka moyo, jamani! Mwaka 1999, Clegg akiuimba Ujerumani, Mandela mwenyewe alipanda jukwaani akacheza. Itafute video hiyo kwanza, kisha tuendelee kujadiliana.