Kulanti siyo ya nchi za barafu tu: maswali ya wasomaji kuhusu gari za zamani zinazochemsha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110 ya 1998, nimeinunua mkononi kwa mtu. Nikizunguka hapa mjini haina shida kabisa ila kila nikienda Iringa, nikianza tu kupanda Kitonga mshale wa joto unapanda mpaka naogopa, inabidi nipaki pembeni. Fundi wangu anasema tutoe themostati, tufunge feni dairekti, alafu niendelee na maji ya bomba maana kulanti ni ya nchi zenye barafu. Nimsikilize?
– Mama wa Corolla, Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Kwa hilo usimsikilize, na nakuomba kabla hujaenda tena Iringa usome hapa mpaka mwisho maana hiyo injini bado inaokoleka.

Tuanze na hiyo ya barafu. Ni kweli kulanti (ile dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji ya rejeta) inazuia maji yasigande, lakini hiyo ni kazi yake moja tu na sisi huku tunaihitaji kwa zile nyingine. Ya kwanza ni kutu. Injini yako bloku (mwili wa injini) ni chuma, hedi (sehemu ya juu inayoifunika) ni aluminiamu, na kwenye rejeta kuna madini mengine tena, sasa ukipitisha maji ya bomba humo mwaka hadi mwaka vinalana vyenyewe kwa vyenyewe, unakuta maji yamekuwa ya kahawia na njia nyembamba za rejeta zimeziba. Mjini hutaona kitu kwa sababu injini haipewi kazi, ila ukiipa mlima kama Kitonga, gia ya pili, abiria wanne na ac imewashwa, ile rejeta iliyoziba nusu ndo inaumbuka.

Ya pili ni kuchemka. Maji matupu pwani yanachemka nyuzi 100, ukipanda juu kama Mbeya kwenye mita 1,700 hivi yanachemka kwenye 94 au 95. Ukichanganya kulanti nusu na maji nusu unafika kama 106, alafu mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unabana presha na hapo unavuka 120 bila kuchemka. Kwaiyo mfuniko nao ni kifaa kamili, na kwa gari ya umri huo mimi ndo ningeuangalia wa kwanza kabla ya kugusa chochote.

Fanya hivi asubuhi gari ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiufungue, watu wameungua uso kwa hili). Fungua mfuniko ugeuze uangalie chini. Kuna raba pana inayokaa juu ya mdomo wa rejeta, ikiwa imekakamaa, imechanika au ina alama ya mduara iliyozama, basi haibani tena. Katikati kuna kivalvu kidogo, kivute kwa kucha kifunguke na ukikiachia kirudi chenyewe. Hicho ndo kinachorudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini ikipoa. Sasa chungulia ndani ya rejeta: maji yanatakiwa yawe yamefika shingoni. Ukikuta rejeta imeshuka wakati chupa ya akiba imejaa mpaka juu, jua maji yanatoka ila hayarudi, mara nyingi ni mfuniko au kampira kanakoenda kwenye chupa kana tundu. Nunua mfuniko wenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake, kama ni 0.9 chukua 0.9, usifungiwe wowote uliopo dukani.

Themostati (kile kivalvu cha joto kinachoachia maji yaende kwenye rejeta) usitoe dada yangu. Inakaa imefungwa mpaka injini ipate joto, kwenye Toyota nyingi za zamani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani gari bado ya baridi inazidi kumwaga mafuta, matumizi yanapanda na oili inachafuka haraka. Alafu kuna jambo mafundi wengi hawalisemi, kwenye injini nyingi ileile themostati ikifunguka ndo inafunga njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji ya moto inazunguka kwenye injini bila kupita kwenye rejeta na mlimani unaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo. Kama imekufa weka mpya, siyo kitu cha bei ya kutisha. Feni nayo kama haijiwashi tafuteni swichi yake au rilei, kuifunga dairekti iwe inazunguka muda wote ni kuficha ugonjwa.

Baada ya hapo safisha. Injini ya baridi, fungua koki chini ya rejeta umwage yote kwenye beseni, weka maji safi, hita iwe kwenye moto, washa mpaka mpira wa juu wa rejeta upate joto, zima, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Gari yako inabeba lita 5 mpaka 6 hivi, kwaiyo kama umenunua kulanti nzito tanguliza kama lita 3 alafu malizia na maji ya distilled (yaliyotolewa chumvi na madini), kwa sababu ndani ya bloku huwa kuna maji yanabaki ukianza na maji utaipunguza nguvu. Ikiwa chupani wameandika imeshachanganywa basi usiongeze maji. Mwaga taratibu, pua ya gari iwe imeinuka, washa injini mfuniko ukiwa wazi na uwe unaminya ule mpira wa juu, utaona mapovu yanatoka, hiyo ni hewa na ikibaki ndani gari itachemsha hata kila kitu kiwe kipya. Mapovu yakiisha jaza, funga, na kesho yake asubuhi angalia tena.

Ila kama mapovu hayaishi kabisa, asubuhi ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, au kijiti cha oili kimetoka na rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na hedi) imeshaungua. Usisafiri nayo.

Na ikikuanza tena pale Kitonga, zima ac, fungua hita yote na vioo vyote, joto litakuwa kali ndani lakini unalitoa kwenye injini. Tafuta sehemu pana ya kusimama, usisimame kwenye kona, malori yale yanashuka na mizigo. Acha ipoe nusu saa au zaidi, na usimwagie injini maji ya baridi, hedi inapinda.

SWALI: Assalaam aleikum. Nissan yangu ni ya zamani, ilikuwa na kulanti ya kijani, dukani nimepata nyekundu na pinki. Naweza kuongezea tu? Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, yafaa?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Rangi ni rangi tu, kila kiwanda kinaweka yake, soma kilichoandikwa nyuma ya chupa. Kuchanganya zisizoelewana kunaweza kutengeneza ute mzito ndani ya rejeta, kwaiyo mwaga yote, safisha, weka aina moja, na kwa kulanti za kawaida badilisha kila miaka 2. Maji ya kisima cha pwani usiyaweke kabisa, chumvi inakula aluminiamu. Nunua maji ya distilled, hata yale ya betri ila hakikisha ni maji siyo asidi.

SWALI: Fundi, kulanti niliyoitoa nilimwaga uani, mbwa akawa anailamba. Ina madhara?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Makubwa sana. Nyingi zina ethilini glaikoli, ni tamu ndo maana anailamba, na ni sumu inayoua figo. Muwahishe kwa daktari wa mifugo leo hii, usisubiri uone dalili, na pale ulipomwaga fukia na uwazuie kuku na watoto. Nyingine ukitoa weka kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe SUMU, na kamwe isiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa hata kidogo kimbia hospitali muda huohuo, mwanzo anaweza kuonekana kama kalewa tu alafu anaonekana kapata nafuu wakati figo zinaharibika, na beba chupa ya kulanti yenyewe ili daktari asome kilichomo.