Hesabu Taka Kabla ya Kuingiza Asidi

Kusafisha kwa kemikali mzunguko wa msingi wa mtambo wa nyuklia uliozimwa, yaani mabomba na vyombo vinavyopitisha maji kwenye kiini chake, hakumalizi mionzi, kunaihamisha tu. Kobalti-60, metali yenye mionzi iliyong'ang'ania ukuta wa bomba, inaishia kwenye resini, yaani chembe za plastiki zinazonasa vilivyoyeyuka kwenye maji, na kila kilo ya kemikali iliyotumwa kuifuata lazima nayo itoke: ama gesi, ama maji, ama taka ngumu ya kwenda kuzikwa. Anayekuuzia teknolojia atakueleza jinsi inavyosafisha. Wewe muulize kazi ikiisha kitabaki nini, na lita ngapi.

Tunazungumzia mitambo ya maji yenye shinikizo na njia ya asidi ya pamanganiki ikifuatiwa na asidi ya oksaliki, zote kwa viwango vidogo. Kemikali hizo ndizo zilizotumika Kori-1 huko Korea Kusini, mtambo uliozimwa Juni 2017 na kuanza kusafishwa hivyo Mei 2024. Kusubiri kuna faida yake: kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.27, kwa hiyo miaka saba huacha takriban asilimia 40. Lakini pampu kuu na sili zake za kuzuia uvujaji nazo huzeeka, na wanaoujua mtambo huondoka. Pampu ikikataa kuwaka, akiba yote ya kusubiri imeliwa.

Tuchukue mfano wa mzunguko wenye mita za ujazo 200. Maji hupashwa hadi nyuzi 90 hadi 95 za Selsiasi, kisha huwekwa asidi ya pamanganiki, tuseme miligramu 300 kwa lita. Kazi yake ni kuoksidisha kromiamu iliyo kwenye tabaka la ndani la oksidi. Bila hatua hii asidi ya oksaliki itakwangua juujuu tu. Saa hizo vali za kuelekea kwenye resini zifungwe na kufungiwa kufuli. Pamanganati, yaani asidi hiyo ya pamanganiki ikiwa ndani ya maji, ikikutana na resini huila, na joto linalotoka hapo si la mchezo.

Baadaye huingizwa asidi ya oksaliki. Sehemu ya kwanza huliwa na pamanganati iliyobaki pamoja na dioksidi ya manganizi iliyotokana nayo: moli mbili na nusu kwa kila moli ya pamanganati. Katika mfano wetu hizo ni kama kilo 112, na gesi ya kaboni dioksidi inayotoka inafika mita za ujazo 60. Ukiimwaga kwa haraka, gesi hujikusanya juu kwenye mirija ya jenereta ya mvuke na pampu huanza kupiga kelele. Mwaga polepole, huku matundu ya kutolea hewa yakiwa wazi na yameunganishwa na vichujio. Halafu ongeza hadi gramu 2 kwa lita, ufungulie resini ya kationi, inayonasa metali zenye chaji chanya, kwenye mkondo wa pembeni.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chuma kinapoyeyuka haraka kuliko resini inavyokipokea, huungana na oksaleti, yaani asidi ya oksaliki iliyo ndani ya maji, na kutengeneza unga wa manjano usioyeyuka kirahisi. Unga huo hutua kwenye mabomba yasiyo na mtiririko na kuteka kobalti, na sehemu iliyokuwa na mionzi midogo inageuka kuwa kali kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kinga yake ni kuwa na resini ya kutosha tangu dakika ya kwanza, na kupima chuma kila saa badala ya kungoja majibu ya zamu inayofuata. Tenga pia sehemu za mtambo zilizo za chuma cha kawaida, kisicho cha pua: asidi huzila bure na kutoa hidrojeni, na kila kilo moja ya chuma iliyoyeyuka inameza karibu lita 20 za resini. Hakuna mionzi ya maana iliyoondoka, lakini umelipia pipa la kuzikia.

Sasa tuje kwenye akiba kubwa. Gramu 2 kwa lita katika mita za ujazo 200 ni kilo 400 za asidi ya oksaliki. Ukitaka kuinasa kwa resini ya anioni, inayonasa vitu vyenye chaji hasi, utahitaji takriban lita 4,400 kwa mzunguko mmoja wa usafishaji, na kwa kawaida mizunguko ni mitatu au zaidi. Ukiivunja kwa peroksaidi ya hidrojeni chini ya taa za urujuanimno, inageuka kaboni dioksidi na maji. Kwa hesabu ya kemia unahitaji kama kilo 430 za peroksaidi ya asilimia 35. Agiza zaidi kidogo, maana nyingine huoza yenyewe kwenye maji ya moto. Kisha maji yaleyale yanapashwa tena kwa mzunguko unaofuata. Hakuna kumwaga mita za ujazo 200 kila mara.

Taa hizo zina adabu yake. Oksidi ya chuma ikiganda kwenye kioo cha kwatzi, mwanga haupiti na wewe unaendelea kumwaga peroksaidi ambayo haifanyi kazi. Peroksaidi hiyo ikifika kwenye resini inaivunjavunja na kuachia salfati. Pima mabaki ya peroksaidi kabla ya kufungulia resini, na pitisha maji kwenye kipoza kwanza, maana aina nyingi za resini ya anioni hazivumilii zaidi ya nyuzi 60.

Usitafute sifuri ya oksaleti. Kromiamu huwa imefungwa na oksaleti yenye chaji hasi. Ikifika miligramu 50 hivi kwa lita, mabaki hayo iachie resini ya mchanganyiko wa kationi na anioni. Na usitafute mzunguko wa ziada wa usafishaji kwa ajili ya sifa. Andika kila mara kobalti iliyotoka dhidi ya lita za resini zilizotumika. Mzunguko unaoleta resini nyingi na kobalti kiduchu haufai, hasa kama mabomba yenyewe yatakatwa kwa mitambo inayoendeshwa kutoka mbali.

Masharti ya eneo la kuzikia yapate kwa maandishi kabla ya kununua resini. Mengi huweka ukomo kwa kemikali zinazoshika metali, kwa sababu huisaidia mionzi kusafiri ardhini, na pia kwa ukali wa mionzi katika chombo kimoja. Resini ikijaa kobalti kupita kiasi hutoa gesi ndani ya chombo na haipiti kwenye masharti ya usafirishaji. Nguzo, yaani chombo kinachobeba resini, ibadilishwe kwa kufuata kipimo cha mionzi pembeni yake, hata kama bado ina nafasi.