Kichwa cha risasi kikae ndani kiasi gani, na kasi hubadilikaje

Kujaza risasi za raifo nyumbani, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda, ni jambo la kawaida Marekani. Kenya na Tanzania huligusi bila leseni. Mabishano ya wanaojaza hayaishi, na kubwa mojawapo ni kina cha kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kimeingia kiasi gani ndani ya ganda. Ukikishindilia ndani zaidi, nafasi ya baruti hupungua, presha hupanda, kasi nayo hupanda. Ukikitoa nje, kinyume chake. Ni kweli, ila wengi hukosea ukubwa wa mabadiliko yenyewe.

Chukua .308 Winchester, aina ya risasi ya raifo. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 7.82, hivyo kukishusha nusu milimita kunakula milimita za ujazo 24 hivi. Ganda zima linabeba kama 3,600. Hata asilimia 1 haifiki! Kasi itaongezeka futi chache kwa sekunde, na hizo humezwa na tofauti ya kawaida kati ya risasi na risasi. Bastola ya 9mm ni habari nyingine: ganda linabeba kama 860 tu, na nusu milimita ileile inakula zaidi ya 30. Hapo presha inaweza kufika pabaya, kwa hiyo mazoea ya raifo usiyahamishie kwenye bastola. Kwenye raifo, ukitaka kasi, shughulika na baruti. Kina kiachie shabaha.

Kuna mtego upande wa pili. Kichwa kikitolewa nje hadi kikaegemea matuta ya ndani ya mtutu, hakina tena mwanya wa kuchukua mwendo kabla ya kuyauma. Presha hupanda ingawa ganda lina nafasi zaidi, na aliyekitoa nje ili aipunguze amejipalia makaa. Tena, ukiichomoa risasi hiyo bila kuifyatua, kichwa kinaweza kubaki kimenasa na baruti ikamwagika kwenye chemba.

Kupima, usipime kitako hadi ncha: ncha za boksi moja hazilingani. Funga komparata (kifaa chenye tundu linalokaa juu ya kichwa) kwenye kalipa, yaani rula ya taya, uipime risasi pale kichwa kinapopanuka. Tafuta urefu wa kugusa matuta ukitumia aina ileile ya kichwa, rudia mara 5, kisha rudi nyuma inchi 0.020, yaani nusu milimita. Vichwa vya shaba tupu vipe 0.050 au zaidi. Magazini nayo ina mipaka yake. Urefu wa juu wa kawaida wa risasi ya .308, kitako hadi ncha, ni inchi 2.810.

Kwenye majaribio, shika kiwango cha kuanzia cha kitabu cha baruti na ubadilishe kina peke yake. Andaa mafungu matatu ya risasi 10, ukipishanisha inchi 0.020. Usimalize fungu moja ndipo uanze jingine: piga moja ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, urudi mwanzo. Mtutu ukipata moto kasi hubadilika, nawe utasingizia kina. Kama mchepuko wa kasi ya risasi zako (kiasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani) ni futi 12 kwa sekunde, wastani wa risasi 10 unayumba kama futi 4 huku na huku. Mafungu yakitofautiana futi 6, hujapata kitu.

Yakitofautiana futi 40, kagua shingo za maganda (zingine hubana, zingine hulegea) na mizani ya baruti. Kama baruti imejaa hadi kubanwa na kichwa, pima tena kesho yake, kwa sababu huweza kukisukuma nje polepole.

Matuta nayo huliwa na moto. Baada ya mamia ya risasi urefu wa kugusa huwa umesogea mbele. Ukiendelea kuyafuata, siku moja risasi haitaingia kwenye magazini.